Daktari Ameandika "Replenish"

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, ng'ambo ya barabara kutoka lango la zahanati. Zamani lilikuwa mlango. Tundu la kitasa bado lipo, na mgeni asiyeambiwa hukalia hapohapo. Tunaokaa kila siku ni wanne. Kuna kinyozi mwenyewe, Nusu Kichwa, aliyepata jina hilo siku umeme ulipokatika katikati ya kichwa cha bwana harusi. Kuna Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hata sukari huiomba kwa mujibu wa sheria. Kuna Mama Birika, anayetuuzia kahawa na kutugombeza bure. Na kuna mimi, ninayeitwa Mwalimu kwa sababu nilifundisha watoto wadogo kwa miaka thelathini na mmoja. Wa tano, Kufuli, mtunza stoo wa zahanati, huwa hakai. Hupita saa tatu asubuhi, akanywa kikombe kimoja wima, mkono mmoja ukiwa mfukoni umeshika funguo. Kwa hiyo siku ile alipokuja akakaa, tena juu ya tundu la kitasa, tulijua kuna jambo.

— Baba, unaumwa? aliuliza Mama Birika.

— Sijui. Someni wenyewe mnijibu.

Akatoa kadi nyeupe, kubwa kama kiganja. Ncha zake nne bado zilikuwa na vipande vya selotepu. Katikati paliandikwa neno moja kwa wino wa bluu, kwa herufi kubwa zilizonyooka: REPLENISH. Baada ya neno, alama ya mshangao.

— Nani kaandika? aliuliza Kifungu, akivaa miwani.

— Daktari mpya. Ana funguo za akiba; nimeikuta stoo asubuhi hii, imebandikwa. Yeye mwenyewe yuko chumba cha kuzalishia na mlango umefungwa.

— Si umsubiri atoke, umuulize?

Kufuli akashika kichwa.

— Nitamuulizaje, ndugu zangu? Siku aliyoripoti aliniuliza kama najua Kiingereza. Nikamwambia hata ndoto naota kwa Kiingereza.

— Ulisema hivyo?

— Nilikuwa namkaribisha!

Akatueleza lililokuwa likimchoma. Gari la vifaa lilikuwa liondoke saa nne kamili kwenda kuchukua mahitaji bohari kuu, na likishaondoka halina safari nyingine mpaka mwezi ujao. Kama neno lile ni amri, alipaswa kuitekeleza kabla gari halijatoka, la sivyo zahanati nzima ingekaa mwezi bila kitu ambacho yeye hakijui. Na kama si amri, basi ni barua ya kufukuzwa.

— Daktari aliyetangulia aliwaandikia wafanyakazi vikaratasi mara mbili tu katika maisha yake, alisema. Cha kwanza alipewa mlinzi, cha pili alipewa mpishi. Nani kati yenu amewaona tena? Nina miaka kumi na minane na funguo hizi. Mke wangu hunijua kwa mlio wake nikiwa bado kwenye kona. Nikirudi nyumbani kimyakimya atapiga kelele za mwizi.

Saa ya ukutani mle kwa kinyozi ilionyesha saa tatu na dakika tano.

Mimi nilijua maana ya neno lile. Ni neno la kawaida tu: kujaza tena kilichopungua. Nikainua mkono, wote watatu wakaniangalia kwa ukali, nami nikaushusha. Lazima niwaeleze sababu. Benchi letu lina sheria moja: anayejua asubiri. Tuliitunga mwaka ule tulipobishana siku tisa kama jogoo anapowika hufumba macho au la. Zilikuwa siku nzuri sana. Watu waliacha kazi wakaja kusikiliza; Nusu Kichwa alimfuata jogoo wa jirani kwa magoti alfajiri mbili mfululizo. Siku ya kumi akapita kijana mmoja, akatoa simu, akatujibu kwa nusu dakika, akaenda zake. Tulikaa kimya mpaka Alhamisi. Tangu hapo anayejua husubiri wasiojua wamalize kwanza, na simu nayo huhesabiwa kuwa ni anayejua. Nilidhani ingechukua dakika tano.

— Neno hili nimekutana nalo mahakamani, alianza Kifungu, akiirudisha kadi kwa ncha mbili za vidole kama kielelezo. Mshitakiwa alisimama kizimbani. Hakimu akafunga jalada, akasema neno hilihili. Mshitakiwa akacheka, wakili wake akalia.

— Maana yake? aliuliza Kufuli.

— Ndiyo hiyo niliyokwambia. Mmoja alicheka, mmoja alilia.

— Sasa mimi ni yupi?

— Inategemea. Una wakili?

Kufuli akasema hana. Kifungu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema basi hapo kazi ya kucheka na ya kulia zote zitamwangukia yeye mwenyewe.

— Acheni kumtisha mtu, alisema Nusu Kichwa. Neno hili ninalo dukani.

Akaingia ndani, tukamsikia akiangusha vitu viwili vitatu, akatoka na chupa ya mafuta ya nywele. Ni kweli, pembeni mwa chupa, kwa herufi za dhahabu, neno lilikuwepo. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele nyingi mno, amegeuza shingo akitazama nyuma.

— Mnaona? Mafuta haya nayauza mwaka wa sita. Neno lenyewe hilo, na picha ya maana yake hiyo hapo.

— Maana yake nywele? aliuliza Mama Birika.

— Nywele, au kutazama nyuma. Moja kati ya hayo mawili. Kufuli, ndugu yangu, hebu vua kofia.

Kufuli akavua. Kichwa chake kiling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

— Basi kesi imekwisha, alisema Nusu Kichwa kwa upole. Daktari ni mtu wa adabu. Hawezi kukwambia mdomoni. Ameona kichwa, akaenda zake, akafikiri, akakuandikia.

— Anibandikie stoo? Kwa ajili ya upara?

— Angebandika wapi, kichwani?

— Huu upara ninao tangu kabla yeye hajaanza shule!

— Na ndiyo maana kaweka alama ya mshangao.

Hapo hoja ilikuwa imemgusa Kufuli. Nilimwona akipapasa utosi kwa siri. Nusu Kichwa akafungua chupa, akamimina tone moja kiganjani, akampaka bila kuombwa. Saa ilikuwa tatu na robo, na mtunza stoo wa zahanati alikuwa ananukia kama duka zima.

— Wanaume mkiona chupa akili inaruka, alisema Mama Birika. Hilo ni jina la mtu.

— Mtu gani?

— Bibi Replenish. Mwanamke wa kwao Waingereza huko, wa zamani. Mama yangu aliwafulia nguo nyumbani kwao, hadithi yake anaijua yote. Mumewe alikuwa nahodha mkali, anataka kikombe chake cha chai kisiguswe na mtu. Sasa huyu bibi ana huruma. Mume akigeuka kidogo kutazama dirishani, yeye anaongeza chai. Akigeuka kupiga chafya, anaongeza. Mume akirudisha macho, kikombe kimejaa.

— Hakuhisi?

— Atahisi nini? Alikuwa akijiambia: mbona chai hii haiishi? Miaka thelathini. Alikufa akiamini kwamba maishani mwake amekunywa kikombe kimoja tu cha chai.

Tukaweka vikombe chini kwa heshima ya marehemu.

— Alikufa kwa nini? aliuliza Kifungu.

— Kiu, alisema Mama Birika.

— Haiwezekani!

— Wewe ulikuwepo? Alikuwa anajizuia ili kikombe kisiishe. Basi Waingereza wakaona huruma ya yule bibi, wakamfanya neno. Mtu yeyote anayeongeza kitu bila kuonekana, anaitwa kwa jina lake.

Nikaona nafasi imepatikana. Nikainua mkono tena.

— Mama Birika amekaribia sana, nilisema.

— Mwalimu! walisema wote kwa pamoja.

— Samahani.

— Hata kama ni kweli, alisema Kufuli, Daktari anibandikie jina la bibi wa watu kwa sababu gani?

— Labda anakuita wewe. Labda amekuona una huruma.

— Yeye hanijui! Ana wiki moja!

— Basi labda huyo bibi ni ndugu yake na anakuja kutembea, uandae chumba.

Kufuli akasimama, akakaa, akasimama. Akatazama lango la zahanati. Kule uani lori la vifaa lilikuwa limegeuzwa tayari, pua yake ikiangalia barabara. Saa tatu na dakika ishirini na tano.

— Jamani, alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. Mimi sikuja kucheza. Kuna akina mama kule ndani na watoto wa siku moja. Kama kuna kitu nilitakiwa kukiagiza kwa gari lile na sikukiagiza, watakikosa mwezi mzima, na mimi ndiye niliyekuwa na funguo. Niambieni kitu kimoja cha kushika.

Ingekuwa darasani, hapo ndipo ningeweka chaki chini na kumjibu mtoto. Nilishafungua mdomo. Lakini Kifungu alikuwa ameshasimama, miwani imepanda paji la uso, na kila anayemjua Kifungu anajua kwamba akisimama hakuna anayemkatiza, hata radi.

— Tumekosea tangu mwanzo, alisema. Tumeuliza neno linasema nini. Hatukuuliza nani kalisema. Kufuli, aliyeandika ni nani?

— Daktari.

— Daktari akiandika kwenye kadi, huwa anaandika nini?

Kufuli akaitazama kadi.

— Ugonjwa, alisema Kifungu polepole. Daktari haandiki salamu. Haandiki habari za bibi wa nahodha. Anaandika ugonjwa. Hicho ulichoshika mkononi, bwana, ni cheti chako.

— Mimi siumwi!

— Ulipofika hapa, Mama Birika alikuuliza kama unaumwa. Ukajibu nini, kwa kumbukumbu za benchi hili?

— Nilijibu sijui.

— Alijibu hajui, Kifungu alitugeukia. Na ugonjwa huu ndivyo unavyoanza, kwa mgonjwa kutojua. Huwapata watunza stoo. Mtu anakaa miaka na miaka chumba kisicho na dirisha, anapumua maboksi. Vumbi la maboksi linaingia taratibu, linajipanga ndani kwa safu, kubwa chini, ndogo juu. Siku likifika kooni, ndiyo replenish yenyewe.

— Dalili zake? aliuliza Nusu Kichwa, akisogea mbali kidogo.

— Masikio kupata joto. Goti la kushoto kulia kama bawaba. Kusahau ulichokuwa unataka kusema.

Kufuli akashika masikio.

— Yana joto, alisema.

Mama Birika akayagusa kwa mgongo wa mkono, kama anavyogusa birika lake.

— Yanachemka, alisema. Maskini.

— Umekaa juani nusu saa, nilisema mimi.

— Na goti? aliuliza Kifungu.

Kufuli akakunja goti la kushoto. Halikulia. Akalikunja tena kwa nguvu zaidi, na tena, mpaka likatoa mlio mdogo, na sura yake ikaanguka kabisa.

— Basi, alisema. Nirudishe funguo nikalale.

Saa tatu na dakika thelathini na tano ndipo waliponigeukia. Kifungu alitoa mkono kwa ukarimu, kama hakimu anayemruhusu mshitakiwa neno la mwisho.

— Mwalimu, umesubiri vizuri. Sema sasa.

Nikasema taratibu, kama nilivyosema maisha yangu yote mbele ya vichwa vidogo arobaini.

— Kitu kilikuwa kimejaa. Kikatumika, kikapungua. Ukikijaza tena, hiyo ndiyo replenish.

Wakangoja.

— Endelea, alisema Mama Birika.

— Nimemaliza.

— Umemaliza nini?

Nikaona heri mfano. Nikachukua kikombe cha Kufuli, kilichobaki kahawa nusu, nikakionyesha kwa wote. Nikamwomba Mama Birika amimine. Akamimina mpaka ukingoni. Nikawaonyesha tena.

— Kilikuwa nusu, sasa kimejaa. Basi.

— Hiyo ni kumimina kahawa, alisema Nusu Kichwa. Nimeona ikifanyika kila siku.

— Neno la herufi tisa! alisema Kifungu, na nilimwona ameumia kweli. Herufi tisa na mshangao, kwa kazi ya kumimina? Mwalimu, kujaza kwa Kiingereza hawana neno lake?

— Wanalo. Wanasema fill.

— Herufi ngapi?

— Nne.

— Sasa mwenye neno la herufi nne atabeba la tisa kwenda nalo wapi?

— Hilo ni la kujaza tena. Kilichopungua. Walilichukua kwa Wafaransa wa kale, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, kwenye neno la kusema "iliyojaa".

Hapo nilikosea. Nilipaswa kuishia kwenye kikombe.

— Kumbe si lao! alisema Kifungu. Limepita mikono mitatu! Bidhaa ikipita mikono mitatu, mahakamani tunaihesabu kuwa haina mwenyewe, wala hatuhangaiki na maana yake.

— Mwalimu amechoka, alisema Mama Birika, akinirudishia kikombe changu kwa upole mkubwa. Miaka thelathini na mmoja ya kelele za watoto si mchezo.

Ikapigwa kura. Kwetu kura hupigwa kwa kuinua vikombe. Ugonjwa ulipata viwili, cha Kifungu na cha Nusu Kichwa, ambaye aliacha mafuta yake kwa kusema goti limemshinda. Bibi Replenish alipata kimoja. Kujaza kilichopungua kukapata kimoja, changu. Kufuli aliinua kikombe kila mara, kwa hofu ya kuacha kitu, na kura yake ikahesabiwa kuwa imeharibika. Ugonjwa ukashinda. Kufuli akatoa funguo mfukoni, akazitazama zote moja moja, akaanza kunikabidhi mimi nimfikishie Daktari.

Ndipo dereva wa lori akavuka barabara. Alikuwa mgeni kwetu, safari yake ya kwanza, kijana mpole mwenye penseli sikioni.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama. Namtafuta mtunza stoo. Nimebakiza dakika kumi na tano na sina orodha.

— Mtunza stoo ni mgonjwa, alisema Kifungu.

— Pole, mzee. Anaumwa nini?

Kufuli akampa kadi. Dereva akaisoma akitembeza midomo, akaigeuza nyuma ambako hapakuwa na kitu, akaigeuza mbele.

— Mimi Kiingereza sijui, alisema. Lakini naona hapa kuna selotepu. Ilikuwa imebandikwa wapi?

— Stoo, alisema Kufuli.

— Stoo, sawa. Kwenye nini?

Nimefundisha watoto wengi, na kimya cha darasa nakijua cha kila aina. Kile kilikuwa cha swali ambalo kila mtu anajiuliza kwa nini hakuliuliza yeye. Nusu Kichwa alitazama chupa yake. Kifungu alivua miwani akaanza kuifuta. Mimi mwenyewe niliyejua maana, na chimbuko lake, na Kilatini chake, sikuwa nimeuliza.

— Kwenye rafu, alisema Kufuli mwishowe.

— Rafu ipi?

— Niliibandua nimefumba macho. Niliogopa kulisoma mara ya pili.

— Hakuna neno, mzee wangu. Twende tukaangalie rafu iliyo tupu, tuandike.

— Hakuna rafu tupu, alisema Kufuli.

Tukaenda wote. Mama Birika akaja na birika lake mkononi kwa sababu hakubaki mtu wa kulilinda. Kufuli akafungua makufuli matatu, akawasha taa, na lazima niseme kweli: sijawahi kuona chumba kilichopangwa vile. Rafu kutoka sakafuni mpaka darini, maboksi bega kwa bega, maandishi yote yametazama mlangoni. Glavu. Pamba. Bandeji. Sabuni. Spiriti. Hapakuwa na pengo la kuingiza kidole.

— Mbona kila kitu kipo? alisema Nusu Kichwa.

Akashika boksi la glavu kwa mikono miwili, akajikaza kama mtu anayenyanyua gunia, akavuta. Boksi likaruka juu kama kuku, na yeye akaenda kinyumenyume mpaka kwenye machela iliyoegemezwa nje ya mlango.

— Kufuli! Humu hamna kitu!

— Hamna, alisema Kufuli kwa sauti ndogo. Lakini halionyeshi.

Akatueleza akiwa ameangalia sakafu. Daktari wa zamani alikuwa akiandika orodha mwenyewe, kwa kukadiria, kutoka ofisini. Kazi yake yeye ilikuwa kufungua na kufunga. Na kitu kikiisha hakuweza kuvumilia ile nafasi. Rafu tupu ilimfanya ajione amesimama mbele za watu bila shati. Basi boksi likiisha alikuwa akilirudisha palepale, kichwa juu, jina mbele.

— Na nesi akija kuchukua? aliuliza dereva.

— Namwambia ipo, ila imefungwa vizuri sana.

— Mzee wangu, alisema dereva bila ukali wowote, akatoa penseli sikioni. Dakika kumi. Kila mtu ashike rafu yake.

Sijui wapita njia walituonaje. Karani mstaafu wa mahakama, kinyozi, muuza kahawa na mwalimu wa watoto, kila mmoja na boksi sikioni, amefumba macho, anatikisa. Ukisikia kitu kinacheza, unarudisha. Usiposikia, unataja.

— Pamba! Kimya kabisa!

— Bandeji, kuna kitu kimoja kinagonga.

— Hicho ni kifuniko cha kalamu yangu, alisema Kufuli. Andika bandeji.

— Spiriti!

— Shuka!

— Hili limeandikwa nini? Nimelishika juu chini.

— Sabuni je?

— Sabuni ipo! alisema Kifungu, akilipima kwa mkono. Tena tele. Boksi zito hili, mtu mzima ananyanyua kwa taabu. Piteni.

Tukapita. Orodha ikafika vitu ishirini na kimoja, kurasa mbili. Dereva akaikunja, akatushukuru mmoja mmoja, akaamkia tena, akaondoka. Saa nne kamili tulisikia lori likitoka langoni. Kufuli aliegemea mlango. Masikio yake, nilivyoyaona, yalikuwa yamepoa.

Mlango wa chumba cha kuzalishia ukafunguka, Daktari akatoka. Ni mwanamke mfupi, mwenye uso uliochoka na unaocheka kwa wakati mmoja. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji, ameinyanyua mbele yake.

— Msichana, alisema. Yeye na mama yake wazima.

Tukapongeza. Akatutazama sote pale katikati ya maboksi, na birika, na chupa ya mafuta ya nywele. Akaamua kutouliza.

— Kadi yangu umeiona? alimwambia Kufuli.

Kufuli akasimama wima kama askari.

— Nimeiona, Daktari, na nimeitekeleza.

— Ahsante sana. Maana asubuhi nzima nimenawa kwa dawa ya kuoshea vyombo, kopo la mwisho nimelimaliza, na sasa nanawa kwa maji matupu.

Akapita kati yetu, akaenda moja kwa moja rafu ya tatu, akavuta boksi la sabuni. Akalifungua. Akatia mkono ndani, akatoa tofali.

— Boksi lilikuwa linaanguka kila nikifunga mlango, alisema Kufuli. Kwa sababu ya wepesi.

Alisema hayo akiwa ameshaanza kukimbia. Miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kumwona Kufuli akikimbia, na sasa alitoka langoni na mikono juu, funguo zikilia mapajani, kofia imebaki kwetu, akilifuata lori lililokuwa linakaribia kona.

— Replenish! alipiga kelele. Wewe kijana! Replenish sabuni! Sabuni, replenish!

Nasi tukamfuata, na Daktari nyuma yetu. Sijui kama dereva alilielewa lile neno au alimwona tu kwenye kioo cha pembeni. Lori likapunguza mwendo, likasimama kabla ya kona. Dereva akatoa kichwa dirishani, penseli tayari juu ya karatasi.

— Sabuni, alirudia akiandika. Nimeandika, mzee. Ngapi?

Kufuli alikuwa amesimama katikati ya barabara, ameshika magoti, anahema. Akageuka kututazama. Sisi tukamtazama Daktari. Daktari akatazama tofali, ambalo bado alikuwa amelishika.

— Kwa mwezi mzima? aliuliza Daktari. Mimi nina wiki moja tu.

— Tuseme kila mgonjwa ana mikono miwili, alianza Nusu Kichwa.

— Usiseme hivyo. Hiyo ni dhana tu, alisema Kifungu. Wengine huja hapa kwa sababu wana mmoja.

— Na aliyekuja kumtazama mgonjwa? aliuliza Mama Birika, akitua birika chini ukingoni mwa barabara. Huyo naye ananawa, au anashika tu mlango na kusema pole?

— Ananawa wakati wa kuingia au wa kutoka?

— Na mtoto aliyezaliwa leo, anahesabiwa kuwa na mikono kuanzia lini?

Dereva alitusikiliza kidogo, akatazama saa yake, akatutazama tena, kisha akazima injini.